Mtoto Mwenye Wasiwasi: Mzazi Afanye Nini, Hatua kwa Hatua

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mtoto kashika tumbo. Shati la sare limefungwa vifungo viwili tu, kiatu kimoja kiko mguuni, machozi yanamlengalenga. Saa nne, baada ya kuambiwa basi abaki nyumbani, anacheza kama kawaida. Mzazi anabaki anajiuliza: nimedanganywa? Mara nyingi hapana. Tumbo liliuma kweli, na likaacha kuuma kweli, kwa sababu kilicholiuma kimeondolewa. Taabu ni kwamba kesho litauma tena, na huenda likaanza usiku wa kuamkia.

Mambo yaliyo hapa chini yanamfaa mzazi wa mtoto wa kuanzia miaka 4 hivi mpaka balehe. Yote yanazunguka jambo moja ambalo wazazi wengi wenye upendo hulikosea: wasiwasi hulishwa na kukwepa, na mara nyingi anayemsaidia mtoto kukwepa ni mzazi mwenyewe. Hofu si lazima iishe ndipo mtoto afanye jambo. Anaweza kulifanya huku anaogopa, na hofu ikapungua baadaye.

Kwanza elewa mwili unafanya nini

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala, kazi yake ni kupiga kengele ya hatari kabla hata mtu hajafikiri. Kengele ikilia, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupifupi, misuli inakaza tayari kukimbia au kupigana, na tumbo linapunguza kazi ya kusaga chakula. Kichefuchefu, tumbo kunyonga, kwenda chooni kila dakika kumi, mikono yenye jasho, kichwa kuuma: vyote hivyo ni kengele hiyohiyo. Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walikuwa wanaieleza amigdala bila kuijua jina.

Mtoto naye aelezwe, na kwa lugha yake. Mfano unaoeleweka haraka ni king'ora cha gari. Mwizi akigusa gari kinalia, lakini hata paka akiruka juu ya boneti kinalia vilevile, kwa sauti ileile. Mwenye gari hakimbii kila kikilia. Anachungulia dirishani, anaona ni paka, anarudi kukaa. Baadaye, hofu ikipanda, mnaweza kuulizana: huyu ni mwizi au ni paka? Swali hilo fupi linasaidia kuliko mawaidha ya nusu saa.

Sasa angalia duara linavyojifunga. Mtoto anaona kinachomtisha, kengele inalia, anakwepa, anapata ahueni papo hapo. Ahueni hiyo ndiyo mshahara wa kukwepa, na ubongo haukatai kazi yenye mshahara. Tena unaondoka na masomo mawili ya uongo: kwamba kitu kile kilikuwa hatari kweli, na kwamba nimenusurika kwa kuwa nilikimbia.

Hatua ya 1: Hakikisha ni wasiwasi, na si kitu kingine

Kila umri una hofu zake, na nyingi hupita zenyewe. Mtoto wa miezi 8 hivi hulia akichukuliwa na mgeni au akiachwa. Wa miaka 3 hadi 6 huogopa giza, madude, wanyama, sauti kubwa. Kuanzia miaka 7 hofu zinasogea kwenye mambo yanayowezekana kweli: wezi, magonjwa, ajali, kifo cha mzazi. Balehe huleta hofu ya macho ya watu. Kinachotofautisha hofu ya kawaida na tatizo ni inachomnyang'anya mtoto: usingizi, shule, marafiki, michezo, au utulivu wa nyumba nzima.

Wasiwasi wa mtoto pia haufanani na woga kila mara. Hujificha ndani ya hasira na ukaidi wa asubuhi, maswali yaleyale mara ishirini, kufuta na kuandika upya mpaka karatasi inatoboka, kukataa kwenda kwenye sherehe alizokuwa akizingoja. Kuna watoto wanaoongea kama kasuku nyumbani lakini shuleni hawatamki neno kwa miezi. Huyo mwite mwenye wasiwasi, si mwenye kiburi.

Kabla ya kuanza lolote, ondoa mambo mawili. La kwanza ni ugonjwa. Homa, kutapika mara kwa mara, kupungua uzito, damu kwenye choo, au maumivu yanayomwamsha usiku wa manane ni ya kupelekwa kwa daktari. Maumivu yanayokuja siku za shule na kutoweka siku za mapumziko yanaelekea zaidi kwenye wasiwasi, ingawa hata hayo ni vizuri daktari ayaangalie mara moja ili wewe mwenyewe uwe na uhakika.

La pili ni hatari ya kweli. Kuna mtoto anayeonewa na wenzake njiani, kuna anayepigwa darasani, kuna anayeguswa vibaya na mtu mzima anayeheshimika. Hofu ya mtoto huyo inafanya kazi yake sawasawa. Akiogopa mtu fulani, nyumba fulani, au kubaki na ndugu fulani, usimzoeze. Mwondoe kwanza hapo, kisha uchunguze. Maswali ya moja kwa moja kama "kuna mtu anakuonea?" hujibiwa "hapana" kwa haraka. Uliza mnapotembea au mnapoosha vyombo, bila kutazamana machoni: "Mapumziko yakifika unakaa na nani? Wapi shuleni hupendi kupita?" Halafu nyamaza, hata kama kimya kinaonekana kirefu.

Hatua ya 2: Andika daftari kwa siku kumi

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari, lichore safu tano: saa ngapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya au alisema nini, wewe ulifanya nini, ilichukua muda gani mpaka akatulia.

Safu ya nne ndiyo yenye habari. Utakuta umeandika: nililala naye mpaka akasinzia, dakika 50. Nilimjibia kwa mwalimu. Nilimpigia simu mara nne nikiwa kazini kumhakikishia niko salama. Nilipita njia ndefu ili tusimwone mbwa. Nilimfanyia zoezi. Kila moja ilifanywa kwa huruma, na kila moja ilimpa ahueni ya siku hiyo. Weka alama ya nyota kwenye zile ambazo usingemfanyia mtoto mwingine wa umri wake. Hizo utazifanyia kazi katika hatua ya 6.

Hatua ya 3: Badilisha maneno yako

Sentensi inayomsaidia mtoto mwenye wasiwasi ina nusu mbili, na zote zinahitajika. Nusu ya kwanza inakubali hofu ipo, ya pili inaonyesha imani kwamba ataiweza. "Naona unaogopa kubaki bila mimi, na najua unaweza kuivumilia hofu hiyo." Au kwa mdogo zaidi: "Unaogopa, mwanangu. Na utaweza."

Nusu moja ikikosekana mambo yanaharibika. "Pole jamani, basi njoo ulale na mimi" inakubali hofu lakini inamwambia kwamba na wewe huamini ataweza. "Jikaze, mbona wenzako hawaogopi?" inadai uwezo bila kukubali hofu, mtoto anajifunza kuificha, na hofu iliyofichwa haipungui. Maneno kama "mwanaume haogopi" yana kasoro hiyohiyo, na juu yake yanaongeza aibu. "Hakuna cha kuogopa" nayo haifai, ingawa inasemwa kwa nia njema, kwa sababu mwili wake unamwambia kipo, na kati yako na moyo unaodunda ataamini moyo.

Usiahidi matokeo usiyoyamiliki. "Nakuahidi hutafeli," "nakuahidi hakuna atakayekucheka." Siku akichekwa, neno lako limeshuka thamani.

Maswali ya kujihakikishia yanahitaji mkono wa peke yake. Mtoto anauliza, "Mama, utakuja kunichukua?" Unajibu ndiyo. Dakika mbili baadaye anauliza tena, kisha tena mlangoni, kisha dirishani. Kila jibu ni tone la dawa ya kutuliza inayoisha nguvu haraka. Kubaliana naye wakati ametulia: swali la wasiwasi litajibiwa mara moja tu. Mara ya pili unasema, "Hilo nimeshalijibu. Mimi nilisema nini?" Akilirudia jibu kwa mdomo wake mwenyewe, anakuwa amejituliza yeye. Mara ya tatu: "Naona wasiwasi ndio unaouliza sasa. Huo sitaujibu." Kisha mnabadilisha kazi, bila ukali. Siku tatu nne za kwanza ataongeza maswali. Ukishikilia, yanapungua.

Hatua ya 4: Fundisha pumzi, lakini wakati wa amani

Watu wengi humwambia mtoto "vuta pumzi ndefu" akiwa tayari analia na kutetemeka, kisha husema mbinu haifanyi kazi. Huwezi kumfundisha mtu kuogelea wakati anazama.

Mlaze chali, mweke mdoli au kitabu chepesi juu ya kitovu. Avute hewa kwa pua kwa hesabu ya 3, mdoli upande. Aitoe kwa mdomo uliobanwa kidogo, kama anayepoza uji, kwa hesabu ya 5, mdoli ushuke. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, maana ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Kifua kikipanda na mdoli ukabaki palepale, anavuta kwa juu. Mwambie asukume mdoli kwa tumbo. Dakika 5, mara mbili kwa siku, wiki mbili. Akisikia kizunguzungu, anavuta kwa nguvu kupita kiasi: apunguze.

Kwa mtoto asiyependa kukaa kimya, tumia misuli: akunje ngumi kwa nguvu sekunde 5, aachie sekunde 10, kisha mabega hadi masikioni, kisha uso mzima. Mara tatu kila sehemu.

Pumzi, hata hivyo, hupewa sifa kubwa kuliko inavyostahili. Kazi yake ni kumwezesha mtoto abaki mahali pale, si kufuta hofu. Akianza kuitumia kama hirizi ("nisipopumua hivi nitakufa"), iacheni kwa muda.

Hatua ya 5: Jengeni ngazi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Si jambo jipya: mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika jinsi alivyomtoa hofu ya sungura mtoto mdogo aliyeitwa Peter kwa kumsogezea sungura polepole, siku baada ya siku, mtoto akiwa anakula chakula anachokipenda. Mwishowe Peter alimshika. Tiba ya leo imeboreshwa, lakini uti wa mgongo ni uleule.

Anzeni na kipimo cha hofu cha 0 mpaka 10. Sifuri ni kama kukaa na wewe kwenye kochi. Kumi ni hofu kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata. Mtoto mdogo atumie viganja: mikono imefungwa ni kidogo, imepanuka ni nyingi. Kisha orodhesheni hali zinazohusiana na hofu moja tu, kila moja aipe namba yeye mwenyewe. Usimkadirie, utashangaa. Kwa mtoto wa miaka 7 asiyeweza kulala peke yake, ngazi yaweza kuwa hivi:

- Umekaa kitandani kwake bila kumgusa mpaka asinzie: 2
- Umekaa kitini kando ya kitanda: 3
- Kiti kiko katikati ya chumba: 4
- Kiti kiko mlangoni, mlango wazi: 5
- Uko nje ya mlango, anasikia sauti yako ukifanya kazi: 6
- Uko chumba kingine, unarudi kumchungulia kila dakika 5: 7
- Unamchungulia mara moja tu baada ya dakika 15: 8
- Umemuaga, hurudi: 9

Anzeni na namba 2 au 3. Kila kipandio kirudiwe usiku mfululizo mpaka namba yake ishuke angalau nusu, kwa kawaida siku tatu hadi tano, ndipo mpande. Hofu ambazo mazoezi yake hufanyika mchana, kama ya mbwa au ya kuzungumza na watu, zifanyieni mazoezi siku nne au tano kwa wiki, dakika 15 hadi 30. Mazoezi ya mara moja kwa wiki hayafiki mbali, kwa sababu hofu inapata muda wa kujijenga upya katikati.

Kabla ya kila zoezi muulize, "Unadhani kitatokea nini?" Liandike jibu kama alivyolisema: "Jitu litaingia dirishani." Asubuhi msomee: "Ulisema jitu litaingia. Liliingia?" Msimdhihaki. Ubongo wake unajifunza zaidi pale utabiri ulioandikwa unapogongana na kilichotokea.

Zawadi ziwe ndogo, zitolewe haraka, na zilipe kitendo: stika baada ya kukaa dakika kumi, hadithi ya ziada, yeye kuchagua mchezo wa Jumamosi. Msimlipe kwa kutoogopa. Mtoto aliyeogopa namba 8 na bado akabaki amefanya kazi kubwa kuliko aliyebaki bila hofu, na aambiwe hivyo.

Mambo yanayoharibu ngazi yanajulikana. Kipandio kikiwa kirefu mno, mtoto anashindwa siku mbili mfululizo. Kigaweni mara mbili (kiti katikati ya chumba, kisha hatua tatu kuelekea mlangoni) badala ya kumlaumu. Mtoto akiondoka hofu ikiwa kileleni, amejifunza kwamba kuondoka ndiko kulikomwokoa. Kwa hiyo chagueni kipandio anachoweza kukimaliza. Kuna pia kukwepa kwa siri: anasimama karibu na mbwa, lakini kafumba macho, anaimba kichwani, kakushika shati. Mwili uko pale, yeye hayupo. Mwombe amtazame mbwa na akueleze rangi ya mkia wake.

Kosa lililo zito kuliko yote ni kulegea baada ya muda mrefu. Mtoto akilia dakika 40 kisha ukamchukua kitandani kwako, hujamfundisha kulala. Umemfundisha kwamba bei ni dakika 40. Kama huna uhakika utashikilia kipandio usiku huo kwa sababu umechoka au kuna mgeni, bakini kwenye kipandio cha jana. Kinyume chake pia ni kosa: kumburuta mtoto hadi kwa mbwa "amzoee mara moja". Ngazi hupandwa kwa miguu ya mwenye hofu.

Hatua ya 6: Punguza msaada unaolisha hofu

Rudi kwenye zile nyota za daftari. Eli Lebowitz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, na wenzake wametengeneza matibabu yanayofanywa na wazazi peke yao, mtoto haonani na mtaalamu kabisa. Wazazi wanachobadilisha ni mwenendo wao tu. Utafiti wao wa watoto 124, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao tu ndio waliohudhuria walipata nafuu kiasi kilekile cha watoto waliotibiwa wenyewe. Ni habari njema hasa kwa mwenye mtoto anayekataa katakata kushiriki ngazi yoyote.

Chagua jambo moja tu, linalotokea mara nyingi, tena lililo mikononi mwako. "Sitampigia simu zaidi ya mara moja nikiwa kazini" liko mikononi mwako. "Asinipigie" haliko. Mweleze saa ambayo hakuna hofu, kwa maneno machache, au umwandikie barua fupi: "Tumeona kwamba kukujibu mara nyingi hakujakusaidia, kumeuongezea wasiwasi nguvu. Kuanzia Jumatatu nitakupigia saa saba mchana, mara moja. Najua itakuwa ngumu mwanzoni, na najua utaweza." Akibishana, usijadiliane, ulichosema kimeshasemwa.

Tarajia mambo kuwa mabaya kwa siku kadhaa kabla hayajawa mazuri. Kilio kitaongezeka, huenda na matusi. Ni kama mashine iliyozoea kutoa soda ukiweka sarafu: siku isipotoa, mtu huipiga ngumi kwanza ndipo aondoke.

Watu wazima wote wa nyumba wakubaliane kabla ya Jumatatu hiyo. Bibi anayempenyezea simu mjukuu wake kwa huruma anarudisha nyuma kazi ya wiki nzima. Aelezwe kwa heshima na apewe jukumu lake katika mpango, kwa mfano yeye ndiye wa kutoa stika.

Asubuhi ya kukataa shule

Hii haisubiri ngazi ndefu. Kila siku anayokaa nyumbani inafanya siku ya kurudi iwe nzito, kwani masomo yanampita na maswali ya wenzake yanaongezeka. Kama daktari hajaona ugonjwa na hakuna anayemdhuru, lengo ni afike shuleni, hata kwa saa mbili. Ongea na mwalimu mmoja anayeaminika ili ampokee yeye mwenyewe, ampe kazi ya mikono mara moja: kugawa madaftari, kufuta ubao.

Kuaga kuwe kwa chini ya dakika moja. Kumbatio, sentensi ile ya nusu mbili, na kuondoka bila kugeuka. Usitoroke akiwa hajakuona. Akigundua, kesho atakung'ang'ania mapema zaidi. Mzazi anayesimama dirishani robo saa akipunga mkono anamwambia mtoto kwamba kweli pana jambo la kuogopwa.

Akibaki nyumbani, nyumba iwe ya kuchosha mpaka saa ya kutoka shule: kitabu na kazi za darasa, bila televisheni wala simu. Si adhabu, ni kuondoa mshahara wa pili.

Mtoto anayewaza usiku kucha

Kwa wa miaka 7 na kuendelea, tengeni "saa ya wasiwasi": dakika 15 jioni, muda na mahali palepale, mbali na kitanda. Anaandika au anachora yote yanayomsumbua. Kisha mnayagawa mafungu mawili. Yenye la kufanya (mtihani Ijumaa) yanapewa hatua moja ndogo na siku yake. Yasiyo na la kufanya yanakunjwa na kuwekwa kwenye kopo. Wazo likija usiku, jibu ni "limeandikwa, tutalikuta kesho saa kumi na moja." Usingizi nao si wa kupuuzwa: wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12, wa 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto aliyelala kwa muda wa saa sita tu huamka kengele yake ikiwa nyepesi kulia.

Hofu ikilipuka ghafla

Sema kidogo. Keti, uwe usawa wa macho yake, sauti ya chini: "Niko hapa. Ni kengele. Inapanda, itashuka." Mlipuko wa hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi kisha huanza kushuka wenyewe. Kama anaweza kusikiliza, ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia, 2 anavyovinusa, na 1 anachokionja. Maswali ya "kwa nini" yasubiri mpaka kesho. Na chunga uso wako: mtoto huusoma kabla ya kusikia maneno, na mzazi anayetetemeka naye anathibitisha hatari. Ukiona unashindwa, mwachie mtu mzima mwingine kwa dakika tano.

Lini kwenda kwa mtaalamu

Nenda kama mwezi umepita na shule, usingizi au chakula bado vimevurugika, kama ngazi imekwama baada ya wiki sita za kujaribu kwa dhati, au kama hofu ilianza baada ya tukio baya. Nenda siku hiyohiyo kama anazungumzia kufa au kujidhuru, au amejidhuru; usimwache peke yake, na vitu vya hatari na dawa vifungiwe.

Tafuta anayefanya tiba ya kuzungumza inayolenga fikra na vitendo, na umuulize wazi: je, mtoto atafanya mazoezi ya kukabili anachokiogopa, na mimi mzazi nitahusishwa vipi? Akijibu kwamba watazungumza tu kuhusu hisia, tafuta mwingine. Kuhusu dawa, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 kwa wiki 12. Kati ya waliopata tiba hiyo ya kuzungumza pamoja na sertraline, dawa ya kupunguza wasiwasi, asilimia 81 hivi walipata nafuu kubwa. Tiba pekee asilimia 60, dawa pekee 55, na kidonge kisicho na dawa 24. Dawa za aina hii huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, huandikwa na daktari, na haziachwi ghafla. Vidonge vya kutuliza vya mtu mzima wa nyumbani visimfikie mtoto hata nusu.

Hofu iliyokwisha kushuka inaweza kurudi baada ya likizo ndefu, ugonjwa, kuhama au msiba. Ngazi haijavunjika. Itoeni ile karatasi ya zamani, shukeni vipandio viwili chini ya pale mlipokuwa, mrudie usiku mitatu, kisha pandeni. Mara ya pili huwa haraka, na mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye anayekumbuka karatasi iko wapi.